Eda Iliyompita Mama

Baba,

Assalamu alaykum. Nakutolea salamu wanayopewa watu wa makaburini. Mpaka juzi nilikuwa nikikuombea urudi. Leo nakuandikia maiti, na mkono hautaki.

Bwana Khatibu katoka jela. Yule uliyekuwa ukimshonea kanzu, waliyemchukua pamoja nawe baada ya Mapinduzi. Alikuja juzi alasiri, kakonda, akapita uchochoro wa nyuma majirani wasimwone. Alimkuta Mama anafunga kikuba cha asumini. Ndiyo, Baba, miaka yote hii hajaacha. Wanja machoni, kikuba kifuani, udi chumbani kila Alkhamisi. Mtaa mzima wa Mkunazini umemsema: mke gani huyu, mume hajulikani alipo, yeye anajipamba? Akiwajibu, "Nnajipamba kwa mume wangu. Nani kakwambieni kafa?" Na mimi nikiwaongezea yangu kumtetea, ulimi wangu unaujua.

"Alikufa masika ya mwaka juzi, Bi Zuwena," Bwana Khatibu akasema. "Homa."

Mama hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Alikoshwa?"

Maji hayakuwepo. Bwana Khatibu alikutayamamisha kwa vumbi la ukutani, wakakusalia watu watatu, kwa kunong'ona. Mama akasema Alhamdulillahi. Akavua kikuba, akafuta wanja kwa ncha ya kanga mpaka macho yakawa mekundu, akaniambia nimtandikie mkeka chumba cha ndani. Anaingia eda.

Kumbe hata hiyo hana! Nilikwenda kumwita Maalim, yule aliyenisomesha juzuu. Yeye akakaa barazani, Mama nyuma ya pazia. Akatueleza taratibu kwamba eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku habari ilipofika. Miezi minne na siku kumi imeshapita zamani. "Eda yako ishakwisha, Bi Zuwena. Huna ya kukaa."

Ishakwisha, naye alikuwa kavaa asumini! Nilitaka kumtoa yule mzee mbio, Mungu anisamehe.

"Kwa hivyo nilikuwa najitia wanja ndani ya eda ya mume wangu?" Mama akauliza. Maalim akamwambia hana dhambi, hakujua. "Basi mimi ntamlilia lini?"

Maalim alitazama chini. Akaaga.

Tangu hapo Mama akawa hali, hasemi. Anasali faradhi zake, akishatoa salamu anageukia ukutani. Mara moja tu alifungua mdomo: "Kaninyima hata hili." Nilijua anamsema nani. Nikakimbilia kufunga dirisha, kana kwamba Mola anayesemwa asingesikia. Niliogopa, Baba, wallahi. Wewe tulishakupoteza, sasa nilimwona Mama naye anaponyoka, na hata mimi nilikuwa nimekasirika. Nilikwenda kukaa kwenye cherahani yako. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipa sindano nikutungie uzi, ukinitania kwamba utaniozesha kwa kinyozi jirani yetu ili macho yangu yabaki karibu. Nikacheka peke yangu, halafu nikaona haya kucheka.

Leo baada ya adhuhuri Maalim karudi, hakuitwa na mtu. Kasema eda imepita, lakini sala ya maiti haijapita, na aliye mbali naye husaliwa. Kukusanya watu hatukuthubutu, siku hizi kundi nyumbani linaulizwa. Tukafunga mlango. Maalim mbele, sisi wawili nyuma. Takbiri ya kwanza, ya pili. Baada ya ya tatu, pale maiti anapoombewa, Mama akaanza kulia. Si kilio cha kujizuia, Baba, alilia mpaka mabega yakamtikisika.

Takbiri ya nne, ya kumalizia sala, haikuja. Maalim alisimama pale pale, mgongo wake kwetu, akamngoja. Alimngoja mpaka Mama alipomaliza.

Jioni kala uji kidogo. Kaniuliza kama nimekula.

Basi kwa heri, Baba. Nshaibadilisha dua yangu. Siombi tena urudi. Nakuahidi kila nikisali nitamwomba Mola akupanulie kaburi lako. Liko wapi, hakuna aliyetwambia. Nitaomba hivyo hivyo.

Mwanao,
Salma