Lipu Niliyoipigania

Jumatatu, 3 Juni
Chai ya pili. Ukungu umekula mparachichi wa jirani, umekula mtaa mzima wa Ramadhani. Mnara wa kanisa la zamani hauonekani, kama vile wameshaubomoa. Jumapili waumini wanapiga kura. Ukuta wa kaskazini umepasuka na unatoka maji, basi, wanasema, kanisa liangushwe, lije la vigae na vioo vya buluu. Upumbavu. Nimeandika kurasa nne za kuwachoma.

Jumanne, 4 Juni
Saa nzima kanisani, peke yangu. Mwanga unaingia kwa madirisha membamba, mweupe, mzito, kama maziwa. Bibi alisimulia: kila mwanafunzi wa dini alileta tofali bichi na kulibonyeza kwa kidole gumba kabla halijachomwa. Katekista alihesabu vidole. Hayo ndiyo yalikuwa mahudhurio. Kidole cha bibi kimo humu, chini ya lipu. Nimesinzia nikawasikia wakiitika majina, mmoja mmoja, ndani ya ukuta.

Jumatano, 5 Juni
Makambako. Upepo, vumbi, malori. Nimemfuata Danieli, fundi mwashi, tulisoma darasa moja.
“Kamwene, Mwalimu! Safari hii unagombana na nani?”
“Na parokia nzima.”
Amecheka hadi akakaa. Kesho anakuja.

Alhamisi, 6 Juni
Danieli amegonga lipu kwa nyundo. Limedondoka bamba zima. Nyuma yake tofali limelowa kama mkate kwenye chai. Matofali yameungwa kwa udongo, si kwa saruji, kasema. Unyevu ulikuwa unaingia na kutoka wenyewe. Lipu ya saruji imeufungia ndani.
“Ukuta ulikuwa unapumua. Nani kauziba pua?”
Nimeinama kuokota vipande.
Ni mimi. Miaka kumi na miwili iliyopita nilisimama kanisani nikawaita washamba wote walioikataa saruji. Nilishinda. Huwa nashinda.

Ijumaa, 7 Juni
Danieli anasema lipu yote ikitolewa sasa, kiangazi kinaweza kuukausha ukuta. Lazima niwaeleze. Watauliza nani aliileta saruji. Nikinyamaza, kanisa linaanguka na jina langu linabaki safi. Naona aibu. Nawachukia kwa kuwa walinisikiliza.

Jumapili, 9 Juni
Kurasa nne zimebaki mfukoni. Nimesema: kosa ni langu.
Kisha mwenyekiti wa kamati: “Jamani, Mwalimu kaungama bila kwenda kitubioni!” Kanisa zima likacheka.
Mama Agnesi, aliyeipinga saruji kuliko wote, akasimama. “Ulituita washamba.”
“Niliwaita, mama.”
“Basi Jumamosi uje na patasi. Na mdomo uuache nyumbani.”
Kura zimetupa muda hadi mvua za kwanza. Ukuta usipokauka, linabomolewa.

Jumamosi, 15 Juni
Tumebandua tangu asubuhi. Malengelenge mikononi. Mama Agnesi kanipa kiazi cha kuchemsha bila kunitazama. Chini bado maji. Juu, karibu na dirisha, kimetokea kidole gumba, kidogo, cha mtoto. Pengine cha bibi. Pengine cha bibi wa mtu mwingine. Ukungu umeingia kwa mlango uliokuwa wazi, ukapita kati yetu. Nimeweka kiganja juu ya tofali lile, nikakiacha hapo. Kimerudi na vumbi jekundu. Kavu.