Sista Atasema kwa Sauti

Cherop, bado niko hosi, hapa hospitali. Naandika mbio, wewe soma tu.

Unajua vile fizi zimekuwa zikinitoka damu tangu nianze hii dawa ya moyo, ile ya kufanya damu isigande. Na unajua vile sista Rahab, yule nesi, alinikemea mbele ya laini yote ya wagonjwa, mama mkwe akiwa kando yangu. "Wewe unameza mbili mbili. Unataka kujiua?"

Kujiua, Cherop. Tangu hiyo siku mama mkwe ndiye anaweka dawa. Ananipea moja, halafu ananiambia nifungue mdomo aone kama nimemeza. Kama mtoto.

Leo majibu ya ile damu walinitoa, ya kuangalia mwili wangu unashika dawa namna gani, yamerudi. Daktari anasema vile nilizaliwa, mwili wangu unachelewa kuitoa, inajazana kwa damu. Tembe moja ya wengine kwangu ni nyingi. Sasa nimeze nusu.

Nusu. Na mimi nilikuwa nameza vile waliandika.

Sista Rahab akanifuata hadi kwa mlango, akaniinamia kwa sikio. "Pole mrembo, hiyo imeisha."

Imeisha? Kunishtaki ilikuwa kwa kelele, pole ni ya kunong'ona?

Nikamwambia, mimi huyu, "Mama mkwe yuko pale kwa benchi. Mwambie kwa sauti ile ile kwamba sikumeza mbili."

Akacheka. "Enda nyumbani, niko na wagonjwa."

Nimekaa chini hapo hapo mlangoni mpaka aseme. Wakitaka kupita waniruke.