Zile Ndagala Mbili Uliniomba

Mama yangu,

Malewa yako ingali inafunguliwa, bateja bangali banakuja kula. Ni mi nasonga bukari sasa, ile ugali yako, na ba creuseur, bachimbaji benye kutoka ku mugodi ya Mutoshi, bananiambia haishikamane sawa yako. Ule mwenye ulimuitaka Tata Sahani Mbili anakula moja tu, ananawa mikono, anaenda. Naona haya kumuuliza kama nimuongezee.

Niko na jambo ya kukuambia. Nimeificha tangu siku tulikuzika.

Unakumbuka kuhara yako, vile ilikataa kuisha. Majirani balisema, "Mupe uji ya muhogo tu, tumbo ipumuzike." Na ni wewe mwenyewe ulitufunzaka vile: mutu akihara, maharagi inatoka ku sahani, samaki inatoka, mayai usitaje. Basi nikakupikia uji mwepesi, asubuhi na mangaribi, siku kumi na moja. Siku moja ukasikia harufu ya ndagala, zile samaki ndogo nilikuwa nakaangia bateja. Ukanishika kikwembe yenye nilijifunga. "Mutoto, unipe ndagala mbili tu."

Nikacheka, Mama. Nikasema upone kwanza. Ukageuza uso ku ukuta, na kisha siku tatu ukaenda.

Wewe mwenye ulilisha bachimbaji bote bale, ulikufa na hamu ya ndagala mbili. Ni mi nilikunyima.

Mwezi uliopita Kabedi, mutoto wangu mwenye kubeba jina yako, akaanza kuhara pia. Nikamupikia ule uji ule ule. Siku ya ine miguu yake ikakataa kusimama, nikamubeba ku mugongo mupaka ku dispanseri. Munganga, mama mumoja wa sauti ya chini, akauliza namupa nini. Nikamuambia kwa kujivuna kidogo. Akatikisa kichwa.

Akanieleza polepole. Kwanza maji ya chumvi na sukari, juu kuhara inakausha mwili. Kisha chakula, usikate. Samaki na maharagi, tumbo inabikata bipande bidogo sana, banabiita asidi amino. Ngozi ya ndani ya utumbo inachakaa na kujijenga upya kila siku chache, na inajijenga na bile bipande. Mule mule munaishi bakteria, badudu benye jicho haioni, bazuri na babaya, na bo pia banakula kile tunakula. Ukuta ikikonda, babaya banapata njia. Lakini akanionya nisijaze nyama: ile yenye tumbo haikumaliza kusaga inashuka chini ku utumbo, bakteria banaiozesha, na ile pia inaumiza utumbo. Kidogo kidogo, akasema, na sombe, majani ya muhogo, pembeni.

Nikamuuliza juu yako. Akasema hakukuona, hawezi kujua. Pengine ugonjwa yako ilikuwa ingine, pengine ndagala hazingekuokoa. Mama, ile pengine ndiyo inanichosha. Wakati ingine naona afazali angesema wazi ya kama ni mi nilikuua.

Nikarudi ku nyumba, nikakaa ku kiti yako, ile yenye hakuna mutu alikuwa anakalia. Nikasaga ndagala mbili ndani ya uji ya Kabedi. Jirani akapiga mikono, akasema nitamuua mutoto. Niliogopa, sitakuficha. Nilimulisha kijiko kwa kijiko nikimuangalia uso, na nilikuwa nakuomba wewe.

Akamaliza. Akashika kikwembe yangu, pale pale wewe ulishika, akaomba ingine. Nikamupa. Nililia mbele ya bateja, na sikujipangusa.

Sasa anakimbia mu lupango, inje ya nyumba, anafukuza kuku ya jirani. Ungemupigia kelele.

Nakuahidi, Mama: mugonjwa akiniomba chakula, sitamucheka tena, na sitamunyima bila kuuliza kwanza mwenye kujua. Siku ya Mungu, kisha misa, nitakuja ku kaburi na Kabedi. Nitabeba ndagala mbili mu kisahani yako ya bluu. Najua hautakula. Nitazileta tu.

Maji imeanza kuchemuka na Tata Sahani Mbili ameingia. Leo nitamuongezea bila kumuuliza. Ulale muzuri, Mama.

Mutoto wako