Zimwi Kibogoyo

Shoga, hutaamini! Si bosi alimlazimisha mchoraji wetu aling'oe zimwi la katuni meno yote? Eti watoto wataogopa. Eti! Zimwi linalomeza miji!

Mchoraji akabisha, "Lisipotisha, shujaa apigane na nini?" Akaambiwa afunge domo, achore tabasamu.

Leo tumewaonyesha watoto katuni yenyewe. Shujaa kashuka na upanga, kalicharaza zimwi. Mara binti wa bosi mwenyewe, miaka sita, akaangua kilio: "Baba, mbona anampiga bibi wa watu?"

BIBI WA WATU, shoga!

Watoto wote wakamzomea shujaa. Bosi, jasho chapachapa, akamnong'oneza mchoraji, "Fanya kitu!"

Mchoraji wala hakunong'ona: "Ulitaka wasiogope zimwi, bosi. Sasa wanamwogopa shujaa."