Mkeka Ninaosuka

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Mjimwema hatujambo, na babu yako kikohozi kimempungua.

Umeniuliza mkeka ninaosuka ni wa nani. Nilipokuwa msichana kule Tunduru, baba aliugua sana. Shangazi yangu, mtu wa tarika, akaniita tusuke mkeka, tukimtaja Mwenyezi Mungu kila tunapokunja ukindu. Nilijua maiti kwetu huzikwa na mkeka. Kwa hofu nikawa nataja mbiombio huku navuta kwa nguvu, hadi ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ukajikunja.

Shangazi akaushika. "Hapa hukuwa unamtaja Mungu, mwanangu. Ulikuwa unamfukuza Izraili. Vuta pumzi kwanza, ndipo utaje."

Nikafanya hivyo. Hofu haikuondoka, lakini ukili ulinyooka.

Baba alipona. Shangazi ndiye tuliyemzika na mkeka ule, mwezi uleule. Kumbe siku zote zile alikuwa anajisukia wake, na ukili wake haukujikunja hata mara moja.

Huu ni wangu, Zuhura. Naogopa, sikufichi. Kila asubuhi navuta pumzi, namtaja, nasuka kidogo. Sasa ukili umetosha, mkeka umebaki kushonwa tu. Njoo likizo tuushone pamoja.

Bibi yako