Sauti Zisizogusa Midomo

Jumatatu, 3 Machi
Mume wangu kanipasua tena mdomo wa chini. Safari hii kisa ni chai – eti imepoa. Nilitaka kumwomba wifi maji, ile m ikanitoa machozi. Wifi ni mdogo wake mume wangu. Anaishi nasi, anafundisha herufi chekechea. Akanipangusa damu, akasema basi tuunde lugha isiyogusa midomo. Nikadhani utani. Wapi.

Jumatano, 5 Machi
M, b, p, f, v, w – nje. O na u zinakunja midomo, nje pia. Wifi kanishikia kioo. Sauti ikichezesha mdomo, tunaifuta. Zimebaki za ulimi na koo. Kasema tutaongea kama nyoka wenye mafua. Nikacheka, kidonda kikafunguka. "Geshi" ni anakuja. "Ng'are" ni kimbia.

Jumapili, 9 Machi
Imefanya kazi! Mume wangu mezani, uso umeshabadilika. Wifi akajifanya anakohoa: ng'are. Nikainuka. Sahani ikapasukia ukutani, pale pale kichwa changu kilipokuwa.

Alhamisi, 13 Machi
Ametushtukia. Eti tunamsengenya ndani ya nyumba yake. Kamkaba wifi – dadake wa tumbo moja! – anataka afundishwe walau neno moja. Wifi kakataa. Akamgongesha kichwa ukutani. Nikamrukia, akanitupa kwenye kabati. Sasa sikio la wifi la kushoto linavuma, s na sh anazisikia sawa. Tumeifuta sh. Geshi imekuwa gera.

Jumamosi, 15 Machi
Mchana. Alirudi kutoka karakana na kipande cha nondo. Kanipiga nacho mgongoni, nikaenda chini. Wifi alikuwa anapiga pasi. Akamshindilia nayo kisogoni, ya moto vile vile. Akaanguka. Wifi akampiga tena. Na tena. Nilitaka kumzuia kwa lugha yetu, nikakosa neno. Hatukuwahi kuunda "acha". Nikampokonya pasi kwa mikono, viganja vimeungua.

Mume wangu yuko sakafuni, anakoroma vibaya. Wifi kajikunja pembeni, anasema maneno yetu tu, Kiswahili hakimtoki. Nashika kalamu kwa vidole viwili ili nisipige kelele.

Jirani anagonga. Kuna nini humo? Nikamjibu kama siku zote: hakuna kitu dada, sufuria imeanguka.

Kaniuliza, na huyo anayeongea ni nani, mbona simwelewi?

Hajaondoka. Naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango, na huku mkoromo unapungua –