Namba Niliyoandika Bila Kufika Gura

Baba,

Nimekaa kwenye benchi nje ya maktaba ya chuo, na ninakuandikia kwa sababu jana nilisimama mbele ya jopo la watahini. Nitakueleza yote. Lakini kwanza habari za nyumbani, maana najua ungeulizia ng'ombe kabla ya kuniulizia mimi.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Mama anachuma kahawa na dada yake kutoka Mweiga, na kutwa nzima wanabishana. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Watu wa maji wameleta mashine inayousoma mto yenyewe, wakaifunga kwenye mlingoti karibu na daraja. Wiki ya pili betri ikaibiwa. Nilicheka hadi nikalia, Baba. Miaka yote ile ulishuka mteremko mara mbili kwa siku na buti zako za mpira, ukachutama, ukaangalia maji yamefika alama gani kwenye ubao uliosimikwa mtoni, ukaandika kitabuni. Hakuna mtu aliwahi kukuibia macho.

Watu wa kwetu Gakindu walikuita Mzee wa Mita. Ati kazi yako ni kutazama maji yakipita. Nilipoitwa chuo kusomea haidrolojia ya mito, waliuliza kama kuna haja ya kusoma miaka minne kazi ambayo babangu anaifanya bila hata kumaliza shule. Wacha wacheke. Mimi ndiye ninayejua leo kwamba bila vitabu vyako hakuna anayeweza kusema mto wetu wa Gura hushuka hadi wapi wakati wa kiangazi, wala ni maji kiasi gani yanaweza kuchukuliwa na mifereji bila kuwakausha watu wa chini.

Hivyo vitabu ndivyo nilivyochagua kwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho. Daktari, mhadhiri anayenisimamia, alivipekua, akasema vina mapengo mengi. Ni kweli. Kila baada ya kurasa chache umeandika: "Sikufika, daraja limefunikwa." "Sikufika, mazishi." "Sikufika, kifua." Akaniambia nitumie vya msomaji mwingine, yule wa kituo cha chini, kwa sababu havina pengo hata moja. Nilikasirika. Nikamwambia kwa heshima kwamba vya babangu sivitoi. Akasema basi nivitetee mbele ya jopo, na nikishindwa nirudie mradi wote.

Nikakaa na vile vitabu visafi vya kituo cha chini wiki mbili. Unakumbuka mafuriko yaliyong'oa ubao wako, ukaandika "Hakuna ubao, umechukuliwa na maji"? Ubao wa kule chini pia ulienda. Watu wa maji walichukua wiki tano kabla ya kusimika mwingine. Barua yao iko kwenye faili. Na wiki zote hizo tano mwenzako aliendelea kusoma, asubuhi na jioni, ubao ambao haukuwepo. Alikuwa anausomea mto kitandani, amejifunika blanketi.

Jana niliwaonyesha jopo namba hizo. Walicheka, hata Daktari alitabasamu kidogo. Mimi nikavimba kichwa. Nikasema msomaji wa kuaminika ni yule anayeacha pengo, kwa sababu anakiri pale ambapo hakuona. Nikawaambia na maneno yako: "Kitu hujaona, usiandike."

Ndipo profesa mmoja, mama mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza polepole kama nina hakika kwamba katika vitabu vya babangu hakuna hata namba moja ya kubuni.

Baba, iko moja. Niliiandika mimi.

Nilikuwa darasa la saba. Kifua kilikuwa kimekushika, Mama yuko kanisani, ukanipa kitabu na kalamu ukanituma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mteremko ulikuwa matope matupu. Nilifika kwenye mistari ya mwisho ya kahawa, nikasikia mto ukinguruma, nikaogopa. Nikaangalia namba ya jana yake, nikaongeza sentimita mbili, nikarudi nyumbani. Ulitazama kitabu ukasema, "Sasa niko na msaidizi." Ukanikatia nusu ya chapati yako, na nikaila. Pengine yale yalikuwa maji makubwa kuliko yote ya mwaka ule, na kitabu kinasema ilikuwa siku ya kawaida.

Miaka yote sikukwambia. Ulipolazwa hospitalini Othaya nilikaa kando ya kitanda chako siku tatu, neno liko mdomoni, na nikaishia kukusimulia habari za bei ya viazi.

Jana ningeweza kusema hakuna. Nani angejua? Nilitamani sana kusema hivyo, sitakuficha. Lakini nilikuwa nimetoka tu kumcheka mtu mzima kwa kosa lile lile. Nikasema iko, na ni yangu. Nikatoa kalamu, nikaikata ile namba kwenye nakala mbele yao wote, kando yake nikaandika "Hakufika." Daktari alishika kichwa. Aliniambia baadaye kwamba nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Yule profesa akataka kujua nina uhakika gani kwamba hakuna nyingine. Nikamjibu kwamba babangu alimtuma mtu mtoni mara moja tu katika miaka yote, na mtu huyo ndiye amesimama hapa.

Walituambia mimi na Daktari tusubiri nje. Walipotuita tena, walisema vitabu vyako vinabaki. Lakini mradi haupiti bado. Lazima nivilinganishe siku kwa siku na kumbukumbu za mvua za Othaya na Nyeri mjini, na hiyo ni kazi ya miezi. Wenzangu watavaa joho mwezi ujao bila mimi. Mama ameshatangaza kanisani, na mbuzi ameshachaguliwa. Jumamosi nitapanda kwenda nyumbani nimwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu.

Wacha waseme binti wa Mzee wa Mita amefeli. Wakitaka, nitawachorea mto ubaoni niwaeleze. Niko na hasira, niko na usingizi, na sijutii hata kidogo.

Ninachojutia ni Othaya. Nisamehe, Baba. Nilikudanganya ukanisifu, nami nikakuacha uende bila kujua. Nilikupenda sana, na niliona aibu.

Pumzika sasa, mteremko umekwisha. Na nikuahidi kitu kimoja. Nitazipitia siku zako zote, moja baada ya nyingine, na ile nitakayokuta haikubaliani na mvua nitaichimba mpaka nijue ukweli. Ikiwa ni ya uongo nitaikata, hata kama ni mwandiko wako. Usinikasirikie. Ni wewe ulinifunza.

Binti yako,
Nyawira